Saa Tisa Mbili

Tukuyu, saa tisa alasiri.
Ukungu umeshafika kwenye migomba,
kuku wameingia bandani kabla ya wakati.
Kule Niigata kwa Mzee Kuwabara ni usiku,
na saa ya ukutani mwake inasema tisa.
Mimi nahesabu tangu jua lilipochomoza,
yeye tangu adhuhuri yake,
tumekutana kwenye namba moja bila kupanga.
Ni Kiingereza tu kinachobisha, kinasema saa tatu,
na Kiingereza ndicho ninachouza.

Nauza kwa dakika ishirini na tano.
Sina mkataba, sina bosi. Nina nyota:
zikipungua, njaa inajua njia ya kwetu.
Bando nimekopa kwa Ambakisye wa vocha.
Nyuma yangu nimetundika shuka jeupe
lifiche magunia ya viazi.
Juu blauzi ya mwalimu, iliyopigwa pasi;
chini kitenge, na soksi za mpira za kaka,
na jiko la mkaa kati ya miguu,
maana Julai ya huku haina adabu.

Mzee Kuwabara alikuwa fundi wa ishara za reli.
Ananiambia asubuhi amekula chawa.
Mchele, namwambia. Ulimi uende nyuma, usiguse kaakaa.
Anacheka, anajaribu,
anakula chawa tena.
Nami nacheka kidogo tu, kwa heshima ya darasa la tatu,
Mwalimu Chengula na fimbo yake ya mwanzi:
Sema karibu! Kalibu.
Sema rula! Lula.
Darasa zima likaangua kicheko,
hata wale waliokuwa na ulimi kama wangu.
Leo hiyo r niliyochapiwa
ndiyo inayomlipia mdogo wangu ada.

Kisha mvua.
Si ile ya kubembeleza; mvua ya Rungwe,
imepanda juu ya bati na miguu yake yote.
Nikapaza sauti: unanisikia?
Midomo yake ikacheza, sikupata kitu.
Nikaanza kuandika samahani, nitakurudishia pesa,
akaniwahi kwa maandishi:
Tafadhali. Usizime.
Akasogea mpaka kioo kizima kikawa sikio,
sikio la mzee, na kifaa chake kama punje ya hindi,
na mvi mbili zinazochungulia.
Dakika tisa. Kumi na moja.
Nimeshalipwa kwa kusema,
nimeshalipwa kwa kutabasamu na homa mwilini.
Kwa paa la baba, bado.

Ilipopungua akarudisha uso.
Akasema polepole, akilikagua kila neno
kama behewa kabla ya kuliruhusu lipite:
Nyumba yetu ni ya bati.
Mama anashona.
Mvua inakuja, hatusikii cherehani.
Tunaona mkono wake tu.
Vitenzi vyote amevikosea,
yote yaliyopita ameyaweka katika wakati uliopo.
Kazi yangu ni kusahihisha.
Nikachochea mkaa.

Zimebaki dakika mbili, akauliza:
kwa lugha ya bibi yako, asante ni nini?
Ndaga, nikasema.
Akalipima mdomoni. Halina r. Halina l.
Ndaga, akasema, mara moja, sawasawa, kwa sauti,
akainama mpaka nikauona utosi wake.
Na nyuma ya ukuta, jikoni,
bibi aliyedhani kuna mgeni mlangoni
akaitika kwa nguvu zake zote:
Kalibu! Kalibu ndani!

Jioni nikafungua kuangalia malipo.
Nyota nne.
Chini yake ameandika:
Mvua nzuri sana. Sarufi kidogo.
Na ameshika nafasi ya kesho,
saa tisa.