Pambizo

Nimekinunua kwa Machano, pale Mkunazini,
elfu nane baada ya kubembelezana:
kitabu cha majumba ya mji yaliyokwisha kuanguka.
Uti wake umeshonwa upya kwa uzi wa kofia,
na mchwa wameila faharasa kuanzia herufi M.

Ndani, majumba yamesimama wima kwa wino mweusi.
Hili la Shangani liliondoka na masika.
Hili la Kiponda liliporomoka Ijumaa,
watu wote wako msikitini, Mungu akasitiri.
La Malindi halikuanguka. Lilichoka tu,
likakaa kitako.
Vipimo vimo vyote: urefu wa ukumbi,
boriti za mikandaa arubaini na mbili,
vidaka ukutani, safu juu ya safu,
na mlango, ah, mlango umepewa kurasa nne!
Mwandishi kaihesabu misumari ya shaba
mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu deni.

Lakini kuna aliyepita kabla yangu
na kalamu ya risasi.
Herufi zake ndogo, zimeinama kushoto
kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Ukurasa wa kumi na tisa:
"Si kweli. Ngazi ilikuwa kulia.
Nimeipiga deki miaka kumi na mmoja."

Wa thelathini, chini ya picha ya roshani:
"Hapa akiketi bibi wa nyumba.
Mimi sikuketi."

Kitabu kinasema sakafu ya juu ilitengenezwa upya,
fundi hakujulikana.
Risasi imekolezwa hapo hadi karatasi imetoboka:
"Anajulikana! Vuai Makame, mtu wa Makunduchi,
hana kidole gumba cha kushoto.
Chai yake nikimpelekea mimi, sukari vijiko vinne."

Tangu hapo nikawa nasoma ukingoni.
Wino ukageuka mgeni, nikawa nauamkia tu na kupita.

Nyuma kabisa kulikuwa na kurasa mbili tupu.
Hazikuwa tupu.
Kachora nyumba bila ya rula, mistari inatetemeka:
ukumbi katikati, vyumba viwili huku, kimoja kule,
uani jiko, mtungi, kibanda cha kuku.
"Nyumba ya Mwatima binti Pandu, Ng'ambo.
Hii humu hamna, naitia mwenyewe.
Fito na udongo. Paa, madebe yaliyonyooshwa.
Mlango, mbao za sanduku la chai.
Misumari, mmoja, nao wa kutundikia kanga.
Urefu hatua kumi na mbili, upana hatua nane, hatua zangu.
Kutoka bombani, hatua arubaini, msikiti ukiupa mgongo.
Walikuja na katapila. Walitwambia mapema, sisemi uongo.
Tulipewa siku tatu
na ahadi."

Mimi nakaa Michenzani, ghorofa ya nne,
ngazi ya pili, mlango wa chuma.
Bomba halipo, lakini wazee wanajua lilipokuwa,
wamebishana mpaka bao likasimama.
Nikaupa mgongo msikiti, nikahesabu.
Thelathini na nane, thelathini na tisa,
nikapiga goti kwenye ukuta wa jengo letu.

Nusu ya nyumba ya Mwatima iko chini ya ngazi
ninayopanda kila siku na mkate wangu.
Nusu imebaki nje, chini ya kamba za kuanikia,
inadondokewa na maji ya mashuka ya watu.

Nikachukua chaki ya skuli.
Nikachora kilichobaki: kipande cha ukumbi,
chumba kimoja kizima, na mlango,
ambao niliuacha wazi, sikujua ukifungukia wapi.

Mtoto wa jirani, Nassra, akaja na mpira wake wa rede.
Akauliza: mchezo gani huu, na mistari mingi hivi?
Nikamwambia huu ukumbi, hapa watu wanakaa.

Akaitazama chaki. Akanitazama mimi.
Akavua ndala, akaziweka sambamba nje ya mstari,
akapiga hodi.