Uniti Saba

Barua ya kukubaliwa ilikuja Aprili.
Tuliibandika kwenye jokofu
kwa sumaku ya benki iliyokwisha kufungwa,
na mjomba Chongneng akaisoma kwa sauti mara tatu,
mara ya tatu kwa wageni wasionijua hata jina.

Barua ya hesabu ilikuja Juni.
Hiyo niliisoma peke yangu garini,
kreti tisa za stroberi zikilainika kiti cha nyuma,
joto la Fresno likigonga kioo kama mdai.

Nilipeleka uniti sitini na nane.
Zimepokewa sitini na moja.

Miaka minne ya chuo cha miaka miwili.
Usinicheke. Nilisoma kwa vipande,
kozi asubuhi, zamu ya ghala la lozi usiku,
na muhula mzima ukaenda na goti la mama.
Uniti zangu nilizihesabu kama mwenye duka anavyohesabu sarafu,
kwenda mbele, kisha kurudi nyuma,
nisije nikajidanganya.

Na tazama walichochukua.
Utangulizi wa Muziki, niliousinzia kila Alhamisi
vumbi la maganda likiwa bado nyusini,
umepita bila swali.
Mchezo wa kuviringisha tufe, uniti moja, umepita.
Sayansi ya Udongo, uniti nne,
na Maabara ya Umwagiliaji, tatu,
neno moja pembeni:
hailingani.

Hailingani na nini?
Bwana Ostrander alituchimbisha shimo la futi tano
nyuma ya maegesho, Februari, ukungu umetanda
hata ncha ya koleo lako huioni.
Gusa, alisema. Nusa. Finyanga utepe wa tope
kati ya kidole gumba na kidole cha shahada
(shahada pekee niliyokuwa nayo)
hadi ukatike wenyewe.
Wangu ulifika inchi mbili na robo.
Mfinyanzi, alisema. Andika.
Niliandika. Na kucha iliyovunjika siku ile
haijaota sawa mpaka leo.

Nilimtafuta. Anafundisha vyuo vitatu,
ofisi yake ni buti la Toyota.
Alinipa muhtasari wa kozi wenye duara la kahawa,
akaandika barua ya kunitetea juu ya boneti.
"Waambie maji hayaulizi
udongo huu ni wa chuo gani."
Sikuwaambia hivyo. Nilijaza fomu.

Mama alidhani krediti ni deni.
Nilimweleza kwa Kihmong changu kibovu:
ni vitu ulivyokwisha kulipia,
unaomba vivuke nawe.
Akaacha kufunga mafungu ya mchaichai.
Yeye alivuka Mekong usiku, ana miaka sita, mgongoni mwa shangazi,
na hajawahi kutuambia walianza safari wangapi.
Aliuliza tu:
"Na hizo saba, nani atazirudia?"

Jibu la rufaa lilifika Julai mwishoni.
Udongo umekubaliwa kama kozi ya hiari,
hautahesabiwa kwenye shahada yangu.
Umwagiliaji, bado hapana.
Yaani karibu ndani, ila viti vimejaa.

Sasa ni Septemba, huku kilimani kwenye mikaratusi.
Nimeketi safu ya pili, Sayansi ya Udongo,
kitabu kilekile, toleo jipya,
kurasa zimesogea kumi na moja.
Vijana wa miaka kumi na tisa wanapiga ubao picha.
Nalipa mara mbili kujua kitu kimoja.

Nilimpigia mama nimlalamikie.
Nilisikia mizani yake ikigonga, mteja akishukuru,
kisha mchakacho wa ile konzi ya ziada
anayoitia mfukoni akishamaliza kupima,
asiyomtoza mtu.
"Basi," alisema, "safari hii hutakosa jibu."

Kesho tunafinyanga utepe wa tope.
Nimekata kucha.