Karata Sitini

Nimepunguza tena. Jitu la Moto limetoka,
zuri, lakini linachelewa.
Ngome nimempa Mbaraka wa Tandika,
mpenda mchezo mrefu na chai ya pili.

Haraka haina baraka, ananiambia.
Basi baraka zote abaki nazo Mbaraka.
Mimi nataka vitu vitatu tu:
Mhunzi aigonge Kengele,
Kengele iamshe Kisima,
Kisima kimrudishe Mhunzi mkononi,
agonge tena, na tena,
mpaka uhai wako uishe hujaweka hata mlinzi.
Zamu ya pili. Ya tatu, nikiwa na nuksi.

Sinza Kumekucha, saa nane usiku, umeme hakuna.
Juu ya kaunta ya fundi simu
nachanga kwa tochi ya simu ya mteja,
nalamba saba, natazama, narudisha.
Mara arobaini.
Mara kumi na moja Kengele haikuja.

Hizo kumi na moja ndizo hazinilazi.

Jumamosi nikalamba saba:
Mhunzi. Kisima. Mhunzi. Kisima.
Mhunzi.
Sikutazama zilizobaki.
Mbaraka akapuliza chai yake,
akaweka tofali la kwanza.