Ufa

Kwenye kilio cha Mama Ngalula, kule Katuba,
jenereta lilikauka mafuta saa tisa za usiku
na kinanda changu kikafa mkononi, katikati ya wimbo.
Wanawake hawakungoja. Walidaka sauti
pale kilipoiachia, wakaishusha kidogo,
kidogo tu, kama mtu anayeketi kwenye kigoda
kilicho kifupi kuliko alivyodhani.
Nikapatafuta mahali pale kwa kidole, gizani,
juu ya funguo zilizokufa.
Mi? Hapana. Mi bemoli? Hapana.
Walikuwa wameketi katikati, na walikuwa wengi,
na hakuna aliyekosea.

Miaka ishirini na miwili napiga kinanda parokiani.
Nilifundishwa kwamba nota ni kumi na mbili,
nyumba kumi na mbili za kambi ya kampuni:
mlango, dirisha, mlango, dirisha,
chokaa ile ile,
na anayelala nje ya nyumba ni mlevi.
Nami nimewafukuza walevi wengi.
Yule Monga, sauti ya pili, nilimtoa kwaya
kwa sababu re yake ilikuwa na nundu.
Aliondoka bila neno. Siku hizi anauza makaa kando ya reli,
na akiita wateja, re yake bado ina nundu,
na wateja wanakuja.

Tangu kilio kile masikio yangu yamefunguka vibaya.
Nasikia king'ora cha kiwanda alfajiri:
hakipandi ngazi, kinapanda mlima,
hakuna pahali kinapobisha hodi.
Nasikia jirani akimwita mjukuu wake kwa Kiluba,
jina lile lile, juu kidogo ni "njoo,"
chini kidogo ni "leo utanijua."
Nakumbuka redio ya kaseti ya baba, betri zilipochoka:
mwimbaji alizama polepole na gitaa lake
kama mtu anayeingia maji ya baridi.
Baba alizianika betri juani.
Jioni wimbo ulipopona, nililia,
na hakuna aliyejua nalilia nini. Hata mimi.

Nikaenda kwa Kabwita, anayeunda banjo za makopo ya mafuta.
Shingo za banjo zake ni mbao tupu, hazina vyuma vya kugawa.
Nikamuuliza: kidole kinajuaje pa kusimama?
Akanitazama kana kwamba nimemuuliza
mguu wake unaijuaje njia ya uani usiku.
"Kinajikwaa mara mbili, tatu. Halafu kinajua."

Basi wewe, Mwilambwe, mwenye gitaa jipya
na kale kamashine kanakowasha taa ya kijani ukipatia
na nyekundu ukikosa,
unaniuliza kwa nini nimechukua koleo
nikang'oa vyuma vyote kwenye shingo ya gitaa langu la zamani.
Sina jibu zima. Ninavyo vipande.
Kwamba huzuni ya Katuba haienei katika nyumba za kampuni,
hugonga kichwa mlangoni.
Kwamba ipo furaha ambayo haijapigwa bado
kwa kuwa hakuna aliyeichongea ufunguo.
Kwamba shaba, kabla ya kuvutwa ikawa waya,
ilikuwa jiwe la kijani, na jiwe lile lina sauti yake:
ligonge, usikie, kisha uniambie ni nota gani.
Kwamba nimezeeka, nimechoka kuwa sahihi.

Wahenga walionya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Haya. Ukuta tumejenga. Umenyooka, una rangi.
Mimi sasa napitisha kidole juu yake,
kati ya mi na fa, taratibu,
natafuta upepo unapopenya.

Na Jumamosi nitakwenda kando ya reli
kununua makaa nisiyoyahitaji.
Nitamwomba Monga aite wateja tena,
safari hii polepole,
nipate kumfuata.