Daftari la Vipimo

Nyuma ya daftari, baada ya viuno na mabega ya watu,
nimeandika ndege wa uani kwangu, Isevya.
Mwezi wa saba: kweche kumi na wawili, kahawia, michirizi,
wote kama wameshonewa gunia.
Mwezi wa kwanza: kweche hakuna. Wamekuja wageni,
wekundu mgongoni, weusi kifuani,
wamejitutumua kama bwana harusi aliyeazima koti.

Miaka minne niliandika hivyo. Wateja wawili, vipimo viwili.
Hadi mvua ya kwanza ya mwaka juzi,
kumbikumbi wakimwagika ukutani,
nikamwona mmoja juu ya kamba ya nguo:
nusu gunia, nusu kaa la moto,
kama gauni nililoliacha na mkono mmoja umeme ulipokatika.
Nilicheka peke yangu. Nikafuta mistari mitatu.

Tangu hapo nawatazama kwa jicho la fundi.
Fumbwe, mkia wake haufiki Juni.
Mnana wa mashine ya Kashindye,
ashindaye akidona pumba na sembe,
njano yake imepauka kama kanga ya kudekia;
mwenziwe wa bondeni kwenye panzi na mbegu mbichi
anawaka hadi macho yanauma.
Kumbe rangi nayo huliwa. Haipimwi kwa mita.

Jana nimeokota unyoya chini ya mpapai.
Nikauinua juani, kama nikaguavyo kitambaa kabla ya mkasi.
Una mstari, mwembamba, umekatiza upande hadi upande,
na hapo nyuzi zimelegea.
Siku moja, pengine mbili, huyu hakula.
Unyoya ulikuwa unaota. Haukumngoja.
Ukaishona njaa humo humo.

Nikamwita Nyamizi. Akaupitisha shavuni.
Nywele zake sasa nyeusi tii.
Mwaka ule nilipomfuata kwa bibi yake, Sikonge,
zilikuwa nyekundu, nyepesi kama sufi,
na kwenye basi mama mmoja akazisifu.
Nilizinyoa usiku uleule, nikazichoma.
Sikuandika popote.

"Mwenyewe yuko hai?"
Sijui, nikasema. Huanguka mpya ukija.
Hakuridhika. Akakata paipai lililobaki, akalitupa uani,
akasimama mlangoni, mikono inachuruzika.

Unyoya nimeubana kwa pini
kwenye ukurasa wa Bi Mboje, kiuno thelathini na nane,
anayedai gauni lake tangu Ijumaa.