Lakiri

Miaka kumi na miwili nimeivuta bahari kwa trela
kutoka Kilindini hadi Kampala,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
lakiri ya chuma mlangoni, namba yake kwenye karatasi.
Nikiulizwa Malaba, "Umebeba nini?"
nilijibu, "Samaki,"
kama mtu anayesema "mvua" ilhali hajatoka nje.

Leo Nyapendi, kwa mshahara wake wa kwanza wa jikoni,
kaniita nije nile nilichobeba.

Nakasero. Ngazi za mawe, taa za rangi ya chai.
Juu ya bango la Kihispania kalooli wawili
wamesimama kama askari wa zamu.
Mlinzi akavitazama viatu vyangu, kisha orodha,
kisha viatu tena.
"Owor," nikamwambia. "Meza namba saba."
Namba saba iko kati ya Wadachi wenye ramani
na mama mmoja aliyekuwa akiupiga picha mkate.

Kitambaa kile cheupe, nilijua kitanishtaki.

Akaja pweza kwanza, juu ya kibao cha mti,
kakatwa vipande, kamwagiwa mafuta ya zeituni,
pilipili iliyofukizwa moshi, chumvi ya mawe.
Nikamtafuna polepole, nikihesabu:
huyu alilala Mariakani penye mizani,
huyu alikesha nami Salgaa, breki zikinuka,
huyu alikaa siku tatu kwenye foleni ya mpaka
jenereta likiunguruma,
mimi nikila chapati na yai
baridi kuliko yeye.

Kisha wali.
Mweusi kama lami mpya.
Nikamshika mhudumu mkono:
"Binti yangu hajaunguza sufuria tangu ana miaka tisa.
Huu nani kauunguza?"
Kijana akatabasamu, tabasamu la kufundishwa:
"Mzee, ni wino. Wino wa ngisi."

Wino!
Na ule mwingine wote: fomu kwa nakala nne, mihuri,
saini yangu iliyochakaa kwenye vidirisha
vya watu wasioinua kichwa.
Kumbe mle nyuma, gizani,
nilimbeba mnyama anayeandika anapokimbia.

Nikala.
Ulikuwa na ladha ya mahali nisipowahi kuoga.
Miaka yote hiyo bandarini
sikuvua viatu hata mara moja.

Nyapendi akachungulia kwenye dirisha la jikoni,
kofia imemzidi, jasho kwenye nyusi kama la mama yake.
Hakuuliza kwa mdomo.
Nikamchekea, meno yote meusi.
Wadachi wakageuka.

Bili ililetwa ndani ya kijalada cha ngozi.
Sikuruhusiwa kukifungua;
nacho kina lakiri yake.
Basi nikachovya kidole gumba kwenye weusi uliobaki,
nikakibonyeza pembeni mwa kitambaa cheupe:

Imekaguliwa. Ipite.