Herufi Thelathini

Tableti ya shirika imevikwa mpira
kwa sababu mhoji aliyenitangulia aliiangusha mtaroni.
Nyumba ya mia moja na sita, Mukuru kwa Ruben.
Mama Bosibori akafuta stuli kwa ncha ya leso,
nikakaa, nikasoma nilivyofunzwa,
bila kutabasamu, bila kukunja uso:

Je, katika siku saba zilizopita mmelala njaa?
Moja, ndiyo. Mbili, hapana. Tisini na tisa, hajui.

"Mimi, au watoto?"
Kaya nzima, mama.
"Watoto, hapana. Mimi ni mzima."
Kidole kikasita. Kikabonyeza mbili.
Nje, moshi wa kiwanda ulipita chinichini
kama mtu anayedaiwa.

Swali la kumi na nne: akiba.
Akaunti ya benki? Hakuna. Ushirika? Hakuna. Bima?
Akacheka hadi sufuria ikaitika.
Kisha akachomoa daftari chini ya godoro,
daftari la shule, jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha,
na ndani majina ishirini na mawili, kalamu za rangi tatu:
Kerubo, mia mbili.
Mwende, mia mbili.
Achieng wa mkaa, hajatoa, mtoto amelazwa, asiulizwe.
Nduku, marehemu,
na mbele ya Nduku tiki, wiki baada ya wiki,
tangu Machi hadi jana.

Nani anamlipia?
"Sisi. Zamu yake haijafika.
Ikifika, bintiye atapokea."

Nikamwambia kuna mradi unakuja Januari,
wa kuwafunza akina mama kuweka akiba,
na mwezeshaji, na soda.
"Aje," akasema. "Ana mia mbili?"

Naye akaniuliza kama nimelipwa.
Hii ni wiki ya tatu, nikasema, wanasema kesho.
Akanimiminia chai ya rangi, akanisogezea sukari yote.
Nikanywa. Hakuna swali linalouliza chai.

Nikateremka hadi chini kabisa: Mengineyo, taja.
Herufi thelathini,
nafasi na mikato ikihesabiwa.
Nikaandika kwa kidole kimoja, Bosibori akichungulia begani,
mashine ikameza, ikameza, ikakataa:

wanakopeshana, wanazikana, wan